Risala ya Walimu wa Darasa la Kwanza na la Pili kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa kata yetu;
Ndugu Afisa Elimu Kata;
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule;
Mwalimu Mkuu, walimu wenzetu, wazazi na watoto wetu:

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi chini ya mwembe huu. Risala nyingi huanza na upungufu wa madawati. Yetu nayo ina maombi, ila tunaomba kwanza tukueleze jambo tunalolifanya kila siku ya masomo, watoto wakishatoka mstarini: dakika kumi za hesabu.

Kipindi chenyewe kinakuja baadaye kwenye ratiba. Hizi dakika kumi ni za kuizoea namba, kama mtoto anavyouzoea mlango wa kwao.

Tunaanza na mahudhurio. Kila mtoto akiingia huchukua kijiti na kukitia kwenye kopo, wavulana la bluu, wasichana la njano. Viranja huvifunga kumi kumi kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Jumatatu iliyopita, darasa la pili, wavulana walikuwa mafungu 3 na vijiti 7, wasichana mafungu 3 na vijiti 8. Vile 7 na 8 vilipomwagwa pamoja mezani, mtoto mmoja akaruka: "Mwalimu, kuna fungu jingine hapo!" Wakalifunga, vikabaki 5. Waliopo 75. Darasa lina watoto 81, sasa sita wako wapi? Hapo hesabu hugeuka majina, na jirani huwa anajua nani anaumwa na nani kabakishwa nyumbani kulea mdogo wake. Kubeba, yaani kuhamisha kumi iliyotimia kwenda upande wa makumi, wamekufanya kwa mikono yao kabla hatujalitamka neno hilo ubaoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Kiswahili chetu hapa kinatusaidia na kutuponza. Mtoto akisema kumi na tatu, lugha imeshamwonyesha kumi moja na tatu pembeni. Akifika ishirini msaada unakatika, maana ishirini, thelathini na arobaini tulizipokea kutoka Kiarabu, na hazimwambii zina makumi mangapi ndani. Kwa hiyo watoto wetu husema kwanza "makumi mawili na tatu", kisha "ishirini na tatu". Anayepita dirishani anaweza kudhani tunafundisha kilugha.

Shida kubwa zaidi ni mia moja na tano. Mwanzoni mwa mwaka wengi waliandika 1005, na hatuwalaumu: wamesikia mia moja, wakaandika 100, wamesikia tano, wakaongeza 5. Kusahihisha kwa kalamu nyekundu hakukusaidia. Kilichosaidia ni mafungu kumi yaliyofungwa pamoja kwa kamba ya katani, yakawekwa mezani na vijiti vitano kando. "Makumi yaliyobaki yako wapi?" "Hayapo, mwalimu." Basi hapo pasipo kitu ndipo sifuri inapokaa.

Kisha huja Namba ya Leo. Tunaandika 24 ubaoni na kila mwenye la kusema anasema: 20 na 4, 12 mara mbili, saa za siku moja usiku na mchana. Binti mmoja ambaye mama yake ana genge alisema, "Trei ya mayai, yakishauzwa sita." Siku nyingine ni hesabu za kichwa, 8 kujumlisha 7, na tunauliza umepataje kabla ya kuuliza umepata ngapi. Wengi wetu watu wazima tulizijua hesabu za kichwa mlangoni, mwalimu kashika fimbo, ukikosa tebo huingii. Tebo tulizikariri kweli. Wangapi kati yetu walibaki wanazipenda hesabu ni jambo jingine.

Changamoto ipo. Dakika hizi kumi ndizo za kwanza kuliwa. Matangazo ya mstarini yakirefuka zimekwenda, usafi ukichelewa zimekwenda. Na tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 madarasa ya chini yamejaa, hivyo wa nyuma hakioni kijiti cha mezani.

Maombi yetu ni matatu. Mwalimu Mkuu atulindie dakika hizo. Ofisi yako itusaidie ubao wa pili, upande wa nyuma wa darasa, na saa ya ukutani yenye mishale. Saa si pambo: mshale mfupi uko kwenye 7 nasi tunasema saa moja, na mtoto asiye na saa mbele yake hawezi kulielewa fumbo hilo. Nanyi wazazi, mtoto akitumwa dukani na sarafu ya 500 kununua maandazi mawili ya 200 kila moja, mwulizeni chenji itakuwa ngapi kabla hajatoka. Na tafadhali msimwambie "hata mimi hesabu zilinishinda".

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii watoto wa darasa la pili watakuandikia namba ubaoni, na wewe utatakiwa kusema jambo moja juu yake. Ukikwama, trei ya mayai inaruhusiwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Walimu wa Darasa la Kwanza na la Pili