Mchambuzi wa ardhi asiyeshika udongo

Ndugu Mhariri,

Kijana wa jirani yangu hapa Mikanjuni amemaliza kidato cha nne. Juzi baba yake kaja kuniuliza: mtoto anataka kazi ya kuchambua ardhi, asome nini? Alidhani bwana shamba mstaafu atamjibu kwa neno moja. Nikamwambia akae, tunywe kahawa.

Ya darasani hayakumaliza hata kikombe. Kidato cha tano achukue tahasusi yenye Jiografia: CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) kama moyo wake uko kwenye udongo na mimea, PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) kama uko kwenye vipimo na ramani. Baadaye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro, au Chuo Kikuu Ardhi kule Dar. Asiyefika huko, kuna vyuo vya ardhi vya Tabora na Morogoro.

Kilichotukalisha hadi adhuhuri ni fildi. Kompyuta vijana wanaijua, siwasemi vibaya. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni bure, programu ya kuchora ramani ya QGIS nayo bure. Lakini pikseli moja, yaani kitone kimoja cha picha zile, hufunika mita 10 kwa 10. Shamba la nusu ekari pale Muheza ni pikseli kama 20 tu, na ndani yake mna mihogo, minazi, michungwa na kichuguu. Kwenye skrini yote ni kijani.

Katika kijiji kimoja nilichowahi kuhudumu, nisichokitaja, walikuja wataalamu wa kukodi kupanga matumizi ya ardhi. Ramani ilipendeza kweli. Malisho wakayaweka bondeni, ambako masika maji hutuama hadi magotini. Wao walikuja kiangazi. Mzee mmoja alinyoosha mkono mkutanoni, akaambiwa asubiri mada iishe. Mada ilipoisha zikaja soda. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya 2007, inautaka mpango wa kijiji upite kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na ulipita, kwa makofi.

Wangechimba shimo la mita moja wangejua bila hata kumuuliza mzee. Udongo unaotuamisha maji huonyesha chini rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu, na madoa hayo hayaondoki kiangazi. Kuna kitabu cha rangi cha Munsell cha kulinganishia. Kisha kuna mkono wenyewe: twaa udongo wa kujaa kiganja, nyunyizia maji, ukande kama unga wa chapati, usukume kati ya gumba na kidole cha shahada utoke utepe. Usiposhikana hata kidogo, ni kichanga. Ukitoka mrefu kama kidole bila kukatika, huo mfinyanzi. Mimi mwaka wa kwanza kazini nilikosea mara nyingi kuliko nilivyopatia, na hakuna kitabu kilichonirekebisha ila kurudia.

Sasa ombi langu. Kituo cha Mlingano, kinachotafiti mkonge na udongo, kiko hapo Muheza tu. Halmashauri zetu zinapopokea wanafunzi wa fildi, ziwapeleke huko na vijijini, badala ya kuwaweka ofisini wapige fotokopi na kuagizwa maandazi.

Kijana wa jirani nimemwambia aje Jumamosi na jembe na chupa ya maji. Nyuma ya nyumba yangu pana mahali pa kuchimba.

Bwana shamba mstaafu,
Mikanjuni, Tanga