Chandarua hakizuii dengi, suguweni mapipa

Mhariri,

Masika yakishapita, homa huzagaa Mombasa, na wengi bado twaiita malaria hata kabla ya kupima. Malaria imepungua sana Pwani tangu vyandarua vyenye dawa vienee. Dengi nayo, homa nyingine iletwayo na mbu, imezuka mjini humu mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2013, 2017 na 2021, na kinga yake si ile ile.

Mbu wake ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya magharibi, saa ambazo chandarua kimekunjwa. Wala hazaani kwenye mitaro ya maji machafu tunayoilaumu kila siku. Ataka maji masafi: pipa la bafuni, mtungi usio kifuniko, tairi nyuma ya gereji, kisahani chini ya chungu cha maua.

Kosa kubwa liko kwenye pipa. Mayai hayaelei, hunata ukutani juu kidogo ya maji, meusi kama chembe za vumbi. Ukimwaga maji na kujaza tena, mayai yako palepale. Hata yakikauka hustahimili miezi, na maji yakiyafikia huanguliwa. Kwa joto letu, yai huwa mbu kwa siku 7 hadi 10. Basi kila wiki tumia maji yaishe, sugua kuta kwa brashi ngumu na sabuni kuanzia mdomoni hadi chini, suuza, mwaga mchangani, kisha funika kwa kitambaa kizito kilichokazwa kwa mpira. Bati lililopinda haliwi kifuniko, mbu hupita pembeni. Kupuliza dawa mitaani huua wanaoruka saa hiyo tu. Mayai na viluwiluwi hubaki.

Mgonjwa wa homa apimwe malaria kwanza. Ikikosekana, asinunue aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwani dengi hupunguza chembe za kugandisha damu na dawa hizo huzidisha kuvuja. Apewe parasetamoli, mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na anywe maji mengi. Homa ikishuka, kati ya siku ya 3 na ya 7, watu hudhani amepona, kumbe ndio wakati wa hatari. Tumbo likiuma sana, akitapika bila kukoma au ufizi ukitoka damu, apelekwe hospitali hima.

Lakini hakuna aliyejaza mapipa kwa kupenda. Mifereji ni mikavu. Twawaomba wanaosambaza maji watangaze siku ya mgao ya kila mtaa na waifuate. Mama wa Kisauni akijua maji yaja Jumanne, Jumatatu usiku pipa lake litakuwa tupu, na brashi i mkononi.

Wahudumu wa afya ya jamii,
Mombasa