Kiha kisikike kituoni kabla ya kuchapwa kwenye karatasi ya kura

Ndugu Mhariri,

Kuna hoja kwamba karatasi ya kura ichapwe pia kwa lugha za asili ili wazee wa vijijini washiriki uchaguzi kikamilifu. Nia ya hoja hiyo ni njema na tunaiheshimu. Ila kwa huku kwetu Kigoma, kuchapa Kiha, lugha ya Waha, kwenye karatasi hakutamfaa yule anayekusudiwa.

Shuleni watoto wa Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko wanafundishwa kusoma kwa Kiswahili. Bibi ambaye hakupita darasani hasomi Kiswahili, wala Kiha hakisomi, anakizungumza. Aliyepita darasani anasoma Kiswahili bila taabu. Maandishi ya Kiha yangemfikia mtu ambaye ameshafikiwa. Tena karatasi yetu ina picha ya mgombea na nembo ya chama chake, kwa hiyo kumtambua unayemtaka si kazi kubwa.

Kinachowakwamisha watu ni maelekezo. Katika uchaguzi mkuu mpiga kura hukabidhiwa karatasi tatu, ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani, na kila moja ina sanduku lake. Anatakiwa aweke vema (alama ya tiki) moja tu kwenye kila karatasi, asiandike jina lake wala kitu cha kumtambulisha, akunje, kisha atumbukize panapostahili. Hayo huelezwa kwa Kiswahili, harakaharaka, foleni ikiwa ndefu. Asiyeelewa vizuri anamwekea vema mgombea wake, halafu anawachorea alama wale asiowataka, akiamini ameeleweka zaidi. Kura hiyo inaweza kukataliwa. Mwingine akikosea ndani ya kituturi, kile kibanda cha kupigia kura kwa siri, anaingiwa na woga, anaikunja hivyohivyo na kuitumbukiza. Hajui kwamba kabla haijaingia sandukuni anaweza kuirudisha kwa msimamizi wa kituo, akapewa nyingine. Sentensi moja ya Kiha ingeiokoa kura yake.

Katiba iko upande wa asiyejua kusoma. Ibara ya 67 inamtaka anayewania ubunge ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Ibara ya 5, inayompa raia wa miaka 18 haki ya kupiga kura, haina sharti hilo.

Wenzetu wa nje wamelipitia jambo hili. Marekani iliingiza kifungu cha 203 katika Sheria ya Haki za Kupiga Kura mwaka 1975. Pamoja na kigezo cha kiwango cha elimu, eneo huhusika pale raia wa umri wa kupiga kura wa jamii ya lugha moja wasiomudu Kiingereza wanapozidi 10,000 au asilimia 5. Hapo vifaa vya uchaguzi hutolewa kwa lugha yao. Lakini kwa lugha za wenyeji wa asili ambazo kihistoria hazikuwa na maandishi, sheria hiyohiyo inataka msaada wa mdomo. Kaunti ya San Juan, Utah, ilipohamia kura za posta mwaka 2014, Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, waliotegemea kuelezwa kwa lugha yao walibaki na karatasi za Kiingereza mikononi. Walikwenda mahakamani mwaka 2016, na maridhiano ya 2018 yakahusisha msaada wa wakalimani. Nunavut, kaskazini mwa Kanada, Inuktitut, lugha ya Wainuit, huchapwa kwenye karatasi za uchaguzi wa eneo hilo, na inafaa kwa sababu wapo wanaoisoma.

Kwetu basi tuanze na sauti. Tume itoe maelezo mafupi ya Kiswahili, yasiyozidi dakika tatu yakisomwa. Watu wawili wayatafsiri kwa Kiha kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Mtu wa tatu, asiyeyaona maelezo ya awali, ayarudishe kwa Kiswahili. Hapo ndipo makosa huonekana, hasa maana ya "vema" na ya "siri ya kura". Wasikilizwe wazee wa Buyungu kule Kakonko na wa Manyovu kule Buhigwe, maana Kiha hakisemwi sawa kila mahali. Tafsiri iliyokubaliwa irekodiwe kwenye kanda ya sauti. Na kanda ya Kiha haitamsaidia Mtongwe wa Uvinza, mwenye lugha yake. Huyo anahitaji ya kwake.

Kanda hiyo ipigwe kwenye magulio kwa gari la matangazo. Redio nazo zitumike, ila kibali kiombwe mapema, kwa kuwa kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza na lugha nyingine ni kwa ruhusa. Siku ya kura, karani mwongozaji wa kila kituo awe anakisema kilugha cha hapo, na usaili wake uhusishe kukizungumza. Ayaseme maneno yaleyale yaliyoidhinishwa, kwa sauti ya kusikiwa na mawakala wote wa vyama, wala asikanyage kituturini. Akianza kueleza kwa maneno yake mwenyewe, wakala mmoja atadhani anampigia mtu kampeni, na kituo kitaingia kwenye ugomvi.

Asiyeweza kusoma anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Familia zimteue mtu mzima wanayemwamini kabla ya siku yenyewe. Bibi akifika bila mtu, atajitokeza kiongozi wa mtaa au mwanachama wa chama fulani kumsaidia, na siri ya kura imekwisha.

Liko jingine linalotuuma. Kiha na Kirundi vinakaribiana sana. Wakati wa uandikishaji, mzee wa kijiji cha mpakani anayejibu kwa Kiha asigeuzwe mgeni. Uraia wake upimwe kwa vigezo vya kisheria, kamwe si kwa ufasaha wa Kiswahili chake.

Hatuna sababu ya kusubiri uchaguzi mkuu wa mwaka 2030. Ukitokea uchaguzi mdogo wa udiwani kwenye kata yoyote inayozungumza Kiha, kanda na makarani hao wajaribiwe hapo, kisha kura zilizokataliwa kwenye fomu za matokeo zilinganishwe na zile za uchaguzi uliotangulia, kituo kwa kituo.

Wasalaam,
Wawezeshaji wa elimu ya mpiga kura,
Kasulu, Kigoma