Chupa ya morfini ihesabiwe kabla ya masika

Mhariri,

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la mvua kubwa, wakazi wa mabondeni huambiwa wahame na kutunza nyaraka zao. Mgonjwa wa saratani anayepata tiba shufaa nyumbani, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso ya ugonjwa, hatajwi, na mara nyingi hata mwenyekiti wa mtaa hajui kama yupo.

Barabara ikikatika, mgonjwa huyu hahitaji helikopta. Anahitaji dozi isikatike. Morfini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, hunywewa kila baada ya saa 4: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi maradufu ili alale hadi asubuhi. Anayetumia mililita 5 humaliza 30 kwa siku, na chupa ya mililita 500 humfikisha siku 16. Maumivu yakichomoza katikati akaongezewa dozi 3 kwa siku, chupa hiyo hiyo haifiki siku 12. Kwa hiyo kipindi cha masika ndugu wafuate dawa chupa ikifika nusu, wasingoje ibaki ya vidole viwili. Dawa ikikatika ghafla maumivu hurudi, na mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka na kuharisha. Penye mafuriko, ni rahisi mtu kudhani ni kipindupindu.

Linalotutisha zaidi ni nguvu ya dawa yenyewe. Morfini ya maji huweza kutengenezwa kwa miligramu 5 katika mililita 5, au miligramu 50 katika mililita hizo hizo. Tuseme mgonjwa amehamishiwa darasani shule ya msingi, chupa yake imebaki kwenye maji, amepewa nyingine na mhudumu asiyemjua. Ndugu akipima kama alivyozoea, anaweza kumpa dozi iliyozidi mara 10 ya ile yake. Mgonjwa atalala usingizi usioamshika, pumzi zikiwa za kuhesabu. Kadi ya mgonjwa iandikwe miligramu, nguvu ya dawa na saa za kunywa. “Kifuniko kimoja” si kipimo. Kadi hiyo ikae ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na chupa, bomba la kupimia, dawa ya kulainisha choo na cheti cha daktari, maana morfini ni dawa inayodhibitiwa na mtu anaweza kuulizwa ameitoa wapi. Picha ya kadi iwe kwenye simu mbili.

Kwa wanaotumia mashine ya oksijeni, umeme ukizimika ndiyo basi. Mtungi wa akiba wa lita 1,360, kwa lita 2 kila dakika, hudumu kama saa 11. Spana ya kuufungulia ifungwe kwa kamba shingoni mwa mtungi. Bila spana hilo ni chuma tu.

Tunaomba kila kituo kinachotoa tiba shufaa kiipe kamati ya maafa ya kata, kwa ridhaa ya familia, orodha fupi kabla ya Machi: nyumba ilipo, simu ya ndugu, anatembea au anabebwa, anatumia oksijeni au la. Jina la ugonjwa lisiandikwe, halimsaidii mwokoaji. Ila kama saratani imeingia kwenye uti wa mgongo, iandikwe wazi “asibebwe mgongoni”. Huyo hulazwa kwenye machela, na machela ikikosekana, mlango uliong'olewa unatosha.

Wauguzi wa tiba shufaa majumbani,
Dar es Salaam