Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu na Sayansi: Mpeni Mtafiti wa Betri Muda wa Kutosha

Mheshimiwa Waziri,

YAH: UFADHILI WA WANAFUNZI WA UZAMIVU KATIKA UTAFITI WA BETRI MPYA

Ninakuandikia kwa heshima kuhusu jambo ambalo uamuzi wake uko mikononi mwako, nalo ni muda na malezi wanayopewa vijana wanaosomea shahada ya uzamivu katika utafiti wa betri. Fedha nyingi za sekta hii huelekezwa kwenye majengo na mitambo. Siibezi mitambo hiyo, kwa kuwa bila kabati lililojazwa gesi ya argoni, ambamo unyevu na oksijeni kwa kawaida huwekwa chini ya sehemu moja katika milioni, lithiamu, metali nyepesi inayotumika katika betri hizi, huharibika kabla kazi haijaanza. Hata hivyo, ufadhili wa miaka mitatu kwa mtu atakayeitumia ni mfupi mno.

Wanafunzi wa uzamivu si wasaidizi wa maabara wanaosubiri kuhitimu ndipo waanze kuwa na manufaa. Rachid Yazami, mzaliwa wa Morocco, alikuwa bado mwanafunzi wa ngazi hiyo mjini Grenoble, Ufaransa, alipoonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba lithiamu inaweza kuingizwa baina ya matabaka ya grafiti, ambayo ni aina ya kaboni, na kutolewa tena kwa umeme. Leo grafiti ndiyo inayohifadhi lithiamu upande wa hasi wa betri nyingi za simu na magari, na mwaka 2014 Yazami alitunukiwa tuzo ya uhandisi ya Draper pamoja na John Goodenough, Yoshio Nishi na Akira Yoshino.

Naomba sasa tutazame kwa nini muda ni suala zito kuliko linavyoonekana. Betri inayochajiwa kwa saa tatu na kutumika kwa saa tatu huhitaji siku 250 mfululizo ili kutimiza mizunguko 1,000, na hapo hatujahesabu miezi ya kutengeneza malighafi yake wala majaribio yaliyoharibika. Ikiwa kila mzunguko unabakiza asilimia 99.9 ya uwezo uliokuwapo kabla yake, baada ya mizunguko hiyo betri hubaki na takriban asilimia 37 tu. Ikibakiza asilimia 99.98, hubaki na takriban asilimia 82. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha betri ya kuuzwa na betri ya kutupwa, na haionekani kwa mtu aliyepima mizunguko hamsini kwa haraka kwa sababu posho yake inakaribia kukoma.

Matatizo yanayowasubiri vijana hawa ni ya aina hiyo hiyo, yanayojitokeza polepole. Silikoni hubeba lithiamu nyingi kuliko grafiti, lakini ikijaa huvimba hadi kufikia mara tatu au zaidi ya ukubwa wake, kisha hupasuka. Salfa ni ya bei nafuu na inapatikana kwa wingi, ila sehemu yake huyeyuka ndani ya elektroliti, yaani kitu kinachopitisha chaji baina ya pande mbili za betri, na kuhamia upande usiotakiwa. Sodiamu, ambayo katika ardhi ni nyingi kuliko lithiamu kwa takriban mara elfu moja, ni nzito zaidi, hivyo betri zake kwa kawaida huhifadhi nishati kidogo kwa kila kilo. Elektroliti mango nazo zinatarajiwa kupunguza hatari ya moto, ingawa hata ndani yake nyuzi za lithiamu zimeonekana kupenya na kusababisha shoti.

Hakuna fani moja inayoyamaliza haya. Mwanakemia asiyejua jinsi kiwanda kinavyopaka elektrodi, yaani pande za hasi na chanya za betri, anaweza kutumia miaka akiboresha kitu kisichoweza kuzalishwa, na mhandisi asiyejua kemia hatatambua kwa nini betri imepata joto. Ndiyo maana ninaamini kila mwanafunzi anapaswa kuwa na wasimamizi wawili wa fani tofauti, akae kiwandani kwa miezi kadhaa, na afundishwe usalama na urejelezaji wa betri kwa uzito ule ule anaofundishwa nadharia.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri, ninaomba ufadhili wa uzamivu katika fani hii uwe wa miaka minne kamili, wenye posho isiyokatika majaribio yanapochelewa. Ninaomba pia mitambo ya kupima uimara wa betri iwe ya pamoja, ili mwanafunzi wa chuo kidogo asikose nafasi. Mwisho, tasnifu inayothibitisha kwa vipimo makini kwamba njia fulani haifai ihesabiwe kuwa kazi kamili. Kanuni nyingi za sasa huhesabu idadi ya makala zilizochapishwa, na kijana anayejua hivyo hulazimika kuchagua jaribio fupi badala ya jaribio la kweli.

Ninaomba mabadiliko haya yaingizwe katika mwongozo wa ufadhili kabla ya udahili wa kundi lijalo.

Wako mtiifu,

Mtafiti na msimamizi wa wanafunzi wa uzamivu