Nimepata kazi ya kuzunguka kaunti, mama asema ninamkimbia

Kwako Shangazi,

Kwanza naomba ieleweke kwamba simkimbii mtu. Ninalisema hili mapema kwa sababu nimeshasemwa, tena nikiwa nimesimama na sinia ya chai mkononi, mbele ya akina mama wa jumuiya waliokuja kusali katika nyumba ambayo kodi yake ninailipa mimi, na aliyenisema ni mama yangu mzazi. Alisema: “Binti yangu anawajua wagonjwa wa nchi nzima, mgonjwa wa nyumbani kwake ndiye asiyemjua.” Mmoja wao akadakia kwamba mganga hajigangi, wakacheka, nami nikawamiminia chai. Tangu siku hiyo usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu, na usiku wa kuamkia leo sikulala kabisa, ndiyo maana ninakuandikia kabla watoto hawajaamka.

Mimi ni muuguzi wa figo katika hospitali moja ya umma hapa Nairobi, nimeajiriwa kwa masharti ya kudumu na pensheni. Mgonjwa wetu hukaa kwenye mashine ya kusafisha damu kwa muda wa saa nne, mara mbili kwa wiki, na katika saa hizo huwezi kumpa kisogo, kwa kuwa shinikizo lake la damu linaweza kuporomoka huku akikusimulia habari za shamba lake. Kampuni moja yenye vituo vya kusafisha damu katika kaunti kadhaa imenipa mkataba wa kuzunguka: miezi mitatu Lodwar, miezi mitatu Marsabit, kisha Garissa, na baada ya hapo popote patakapopungukiwa na muuguzi. Unajua jinsi mambo yalivyokwenda. Mashine zilianza kupelekwa katika hospitali za kaunti kuanzia 2015 kupitia mpango wa serikali wa kukodi vifaa, lakini zilitangulia watu wa kuziendesha, na hadi leo muuguzi aliyesomea figo huwindwa kila upande.

Malipo yanakaribia mara mbili ya mshahara wangu, nyumba ni juu yao, na nauli ya kurudi Nairobi mara moja kwa mwezi ni juu yao pia. Sikatai kwamba kuna upande wa pili. Hakuna pensheni, nikiugua silipwi, bima ya makosa ya kazini nitajikatia mwenyewe, na wagonjwa wakipungua kituoni wanaweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya majuma mawili. Haya yote nimeyasoma, mstari kwa mstari, na nimemwonyesha wakili anayeishi ghorofa ya chini yetu. Si mtoto mimi. Nimeomba likizo bila malipo badala ya kujiuzulu, ili mlango wa nyuma usifungwe, na barua hiyo iko mezani kwa msimamizi wangu, ingawa nyumbani nimesema kwamba ningali ninafikiria.

Ninaifanya kwa ajili ya fedha. Binti yangu yuko katika sekondari ya bweni na kaka yake mdogo ana miaka tisa. Baba yao tuliachana bila vita, naye hutuma karo anapokumbuka. Mama alikuja kuishi nasi wakati mtoto wa pili alipozaliwa, na tangu hapo yeye ndiye anayelala na watoto ninapokuwa zamu ya usiku. Ninalitambua hilo na sijapata kulisahau, lakini naomba nawe utambue kwamba hata sasa, nikiwa hapa hapa Nairobi, mimi si mtu wa kuonekana nyumbani. Hutoka kabla ya mapambazuko ili nisikwame katika msongamano wa Barabara ya Jogoo, na siku zangu za mapumziko hufanya lokamu, yaani zamu za kushikilia kwa malipo ya siku, katika kliniki za watu binafsi ili mwisho wa mwezi usitukute mikono mitupu. Kwa hesabu yangu, nikienda Lodwar na kurudi nyumbani kwa siku tano mfululizo kila mwezi, watoto wataniona nikiwa macho kwa muda mrefu kuliko wanavyoniona sasa. Nilimweleza mama hesabu hiyo. Akasema mtoto si hesabu.

Sasa acha nikueleze, Shangazi, jambo moja linalonichoma. Kaka yangu mkubwa ni dereva wa lori la masafa marefu. Hupakia Mombasa, akapitia Malaba hadi Kampala na wakati mwingine Kigali, na huweza kumaliza majuma bila mkewe kumwona. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anawakimbia watoto wake. Mama humwombea safari njema kila jioni kwa kumtaja jina, na siku anapopitia kwetu huchinjwa kuku, mimi nikiwa ndiye mnunuzi wa kuku huyo. Akitoa shilingi elfu mbili, mama huzitangaza jumuiya nzima. Mimi ninayelipa kodi, karo, umeme, dawa za sukari na dawa za shinikizo la damu, nikisema nitasafiri kikazi, ninakuwa mtu asiyemjua mgonjwa wa nyumbani kwake. Maneno hayo aliyasema mbele ya watu. Angeyasema tukiwa wawili jikoni, ningemjibu na yangeisha.

Mama anayo hofu yake, na siidharau. Hajasahau basi lililoshambuliwa karibu na Mandera tarehe 22 Novemba 2014, ambapo abiria 28 waliuawa, baadhi yao wakiwa walimu na wahudumu wa afya waliokuwa wakirudi nyumbani kwa likizo. Wala hajasahau madaktari wawili wa Cuba waliotekwa huko huko Mandera mwaka wa 2019 wakielekea kazini. Nilipomwambia kwamba Lodwar na Mandera ziko katika pembe mbili tofauti za nchi, alinijibu kwamba Garissa je, nami sikuwa na la kusema, kwa sababu Garissa imo katika mkataba. Lakini hofu hii, Shangazi, ilianza baada ya mimi kupata kazi. Kaka alipokuwa akipeleka shehena hadi Juba, barabara ambayo madereva wenzake wamepigwa risasi, mama alisema Mungu yu mbele yake.

Ninaye rafiki niliyesoma naye chuo cha uuguzi, sasa yuko Marekani, na kazi yake ni hii hii ya kuzunguka. Kule ni jambo la kawaida kabisa: wakala hukupa mkataba wa majuma 13 katika hospitali yenye uhaba, ukiisha unaongeza au unahamia jimbo jingine, mradi leseni yako inatambulika huko. Alinieleza kwamba hakuanza hivyo, kwani mwajiri aliyemlipia safari alimfunga kwanza kwa mkataba wa miaka mitatu mahali pamoja, na kwamba malipo yaliyovuma wakati wa Korona yameshuka tangu hapo. Amewahi kuvunjiwa mkataba akiwa ameshafunga mizigo. Sikudanganywa kwamba ni kazi ya asali. Ila kuna jambo moja alilonisimulia ambalo limenikaa moyoni. Posho yake ya nyumba haikatwi kodi, lakini kwa sharti kwamba awe na makao yake ya kudumu mahali pengine, anayoyagharamia na kuyarudia. Maana yake ni kwamba hata mkusanya kodi wa huko anaelewa kuwa mtu anaweza kufanya kazi mbali na bado akawa na kwao. Nilitamani mama amsikie mkusanya kodi huyo.

Mwaka jana nilikwenda Lodwar kumshikia mwenzangu aliyejifungua. Watu wakasema nimekwenda kutafuta fedha za haraka, na ni kweli zilinisaidia. Ila niliwakuta wagonjwa waliotoka Lokichar na Kakuma, wanaolala kwa jamaa mjini usiku mmoja ili wawahi mashine asubuhi, na mzee mmoja aliniambia kwamba kabla ya kituo kufunguliwa alikuwa akisafirishwa hadi Eldoret, hata familia ikauza mbuzi hadi wakabaki wa kuhesabu kwa vidole. Joto lilikuwa kali na maji ya kuendeshea mashine yalitusumbua. Hata hivyo nililala usingizi mzuri kuliko ninavyolala kwangu. Hakuna aliyenijua. Nikitoka kazini nilikuwa nimetoka kazini kweli, na hakuna aliyeniuliza unga umeisha lini. Nadhani ningekwenda hata kwa mshahara huu huu ninaopata sasa. Tafadhali usinielewe vibaya, watoto wangu ninawapenda, na fedha ndiyo sababu kubwa kama nilivyotangulia kusema.

Narudi kwa maneno ya mama, kwa sababu sijakueleza yalitokana na nini. Yalitokana na vidonge vya magoti. Kwa muda mrefu alikuwa akinunua diklofenaki, dawa ya maumivu inayoumiza figo, katika duka la dawa lililo kando ya kituo cha matatu, akimeza kila baridi inapomsumbua. Nilizichukua zote kwenye droo, nikazitupa, nikamkanya mwenye duka asimuuzie tena. Mama alichukulia kwamba ninambania dawa. Ndipo akina mama walipomuuliza hali ya magoti, naye akawajibu hivyo nilivyokwambia.

Sikuzitupa kwa ukali. Alipokwenda kliniki yake ya sukari mara ya mwisho, daktari aliniita pembeni akanikabidhi majibu ya damu, akasema, “Wewe ni mwenzetu, utajua jinsi ya kumweleza.” Kiwango cha figo zake kuchuja kimeshuka chini ya 30, yaani zimedhoofika sana. Kikifika chini ya 15, katika kazi yetu huhesabiwa kwamba figo zimeshindwa, na mashine yenyewe huweza kuhitajika. Huenda ikachukua miaka, na huenda isifike huko kabisa akishika masharti, kwani nimewaona wazee waliokaa hapo muda mrefu. Dawa zinazolinda figo nimehakikisha anazo, chumvi nimeipunguza mwenyewe katika sufuria, na diklofenaki imeondoka. Kila linalopaswa kufanywa kwa sasa ninalifanya. Kilichobaki ni neno tu, na neno hilo sijalisema, kwa sababu kila jioni hunisimulia habari za jirani wa zamani aliyekufa akiwa kwenye mashine, na huapa kwamba yeye hatakubali kufungwa mipira hiyo hata kwa dawa. Unaona basi kwamba aliyesema simjui mgonjwa wa nyumbani kwangu hajui kwamba ninamjua kuliko anavyojijua.

Ukiuliza fedha nyingi hizo ni za nini, jibu ni hilo pia. Najua SHA, bima ya afya ya serikali, hulipia shilingi 10,650 kwa kila kikao, na mama amesajiliwa kivyake, lakini mimi huwaona wagonjwa wetu: kuna nauli ya kwenda na kurudi, kuna vipimo, kuna sindano za kuongeza damu, kuna chakula maalum, na kuna siku mfumo unapogoma na mtu anaambiwa alipe taslimu au arudi nyumbani. Nataka siku hiyo ikifika, kama itafika, nisiwe mtu wa kuchangisha katika kundi la familia huku kaka akituma pole kutoka Malaba. Lakini nikienda kuzitafuta fedha hizo, nitakuwa ninasafisha damu ya mama wa watu kule Lodwar huku wangu nimemwachia mtoto wa miaka tisa amkumbushe dawa. Na nikimwambia hali yake kabla sijaondoka, atasema nimemwambia ili nimtishe kisha nimkimbie. Nisipomwambia, nitasaini mkataba nikiwa nimeshikilia majibu yake ndani ya mkoba wangu wa kazi. Je, Shangazi, inanipasa kumwambia kwanza, hata kama kumwambia ndiko kutakakonifunga nisiende tena?

Kaka sijamwambia lolote, kwa kuwa najua atasema niache kazi ya kampuni nimtunze mama, na hilo ni rahisi kusemwa na mtu aliye nyuma ya usukani. Kampuni inataka jibu mwishoni mwa mwezi huu. Usinishauri nibaki tu kwa kuwa mama ni mmoja. Hilo nimeshaambiwa na kila mtu, wakiwemo wasionijua. Wala usiniambie nimchukue mama na mtoto niende nao Lodwar, kwa sababu daktari wake, kliniki yake na jumuiya yake vyote viko hapa, na hata hivyo nilishamuuliza. Aliniambia tutalizungumza kaka atakaporudi kutoka Kigali.

Wako,
Muuguzi, Nairobi