Kwenu mnaowafundisha vijana kutunga: tuiweke chini ile kalamu nyekundu

Mbukwenyi walimu wenzangu, wadogo zangu na wanangu mnaoshika kwaya na kukaa na vijana wanaotunga. Nawaandikia hasa ninyi wa huku kwetu Dodoma, ila hata wa Songea na Mwanza na majirani wa Kenya na Uganda nadhani litawagusa.

Kwaya nimeishika zaidi ya miaka arobaini, solfa, zile noti za herufi d, r, m, f, s, l, t, nimeijua kabla sijajua kuendesha baiskeli, saa hii nimestaafu na magoti hayaniruhusu kusimama misa nzima, kwa hiyo nina muda mwingi wa kukaa barazani na kuhesabu nilipokosea. Hili ni kosa langu mimi. Mkiona linafanana na lenu basi hiyo shauri yenu.

Kulikuwa na binti mmoja, kidato cha pili, kwao upande wa Chamwino. Siku moja baada ya mazoezi akaniletea kauntabuku, ndani kaandika wimbo wa sauti nne kwa solfa, penseli, mwandiko mzuri kabisa. Nikakaa nao usiku na kalamu nyekundu. Ukurasa wa kwanza tu nakuta besi imekaa kwenye m halafu soprano juu yake iko kwenye ta, yaani t iliyoshushwa nusu toni, nikasema huyu mtoto vipi, duara jekundu. Soprano na alto zinatembea sambamba karibu wimbo mzima, kwa umbali wa nne, kama d na f, moja ikipanda na nyingine inapanda kama ng'ombe wanaoenda kunywa maji, duara lingine, pembeni nikaandika "mwendo wa kinyume!!", yaani moja ikipanda nyingine ishuke, na alama mbili za mshangao maana nilikuwa najiona profesa. Mwisho wa wimbo wake ulikuwa unashuka tu unanyamaza, mimi nikaupachika f, s, d ya heshima ili watu wajue umeisha. Zile ta zote nikazifanya t.

Tukauimba Jumapili, watu wakapiga makofi, yule binti akaniambia "asante mwalimu", na hakuniletea wimbo tena mwaka mzima. Mimi nikajua ni mitihani.

Sasa mwaka uliofuata kukawa na harusi kijijini kwao nikaalikwa, nimeketi kwenye kigoda na ugali wangu wa uwele na mlenda, mara akina mama wakaanza muheme, ngoma ya wanawake wa kwetu Wagogo. Mnaojua mnajua, ngoma zimebanwa mapajani, bibi mmoja mwembamba anaanzisha na wenzake wanadakia, na ile sauti ya pili inaifuata ya kwanza sambamba hivyo hivyo, ng'ombe wanaenda kunywa maji. Halafu ikaja ta. Nikaacha kula. Yaani haikuwa hata ile ta niliyoifuta mimi, ilikuwa chini zaidi, sio la na sio ta, imekaa pale katikati imetulia kabisa kama mwenye nyumba. Yule bibi ndo bibi yake binti. Mtoto hakukosea chochote, alikuwa ameandika nyumbani kwao kwa herufi nilizomfundisha mimi, na mimi nikapabomoa kwa kalamu ya shilingi mia mbili.

Niwaeleze kidogo hii ta maana ndo kiini cha barua. Uzi wa zeze ukiutikisa hautoi sauti moja, unatoa na zile ndogo ndogo juu yake kwa mpangilio wake wa asili, na watafiti walioupima muziki wa Kigogo wanasema mizani yetu, yaani ngazi ya noti zetu, imetoka humo, kuanzia ile ya nne mpaka ya tisa. Ukiziandika kwa solfa unapata d, m, s, ta, d', r'. Hiyo ya saba, ta, iko chini ya ta ya kinanda kwa senti 31 hivi, na nusu toni nzima ni senti 100, kwa hiyo tunaongelea karibu theluthi ya nusu toni, siyo kitu cha kusema "ah, sauti imeshuka kidogo". Ndiyo maana kwenye kinanda m na ta vikipigwa pamoja vinagombana, ila kwenye koo la bibi vinakaa kama mtu na mdogo wake. Na ule mwendo wa sambamba nao si uzembe. Wa pili anaruka noti moja kwenye mizani na kuchukua inayofuata, basi, hiyo ndo kanuni. Kanuni ipo! Ni vile tu haikuwemo kwenye kitabu nilichosomea mimi.

Kwa hiyo la kwanza ninalowaomba, kijana akikuletea kazi usiishike kalamu siku hiyo. Mwambie aiimbe. Halafu muulize huu mwendo ameusikia wapi, kwa nani, na kama huyo mtu yuko hai panda bodaboda ukamsikilize. Utapoteza Jumamosi moja. Baada ya hapo ndo mfundishe harmonia ya Ulaya, namna yao ya kupatanisha sauti, tena mfundishe yote bila kumpunguzia, watunzi wao Bach na Palestrina na hizo kanuni zinazokataza sauti mbili kutembea sambamba kwa umbali wa tano, maana sitaki mtu aseme mzee kasema vijana wasisome. Wasome sana. Ila ajue ile ni nyumba ya watu yenye utaratibu wake na hii ni yake yenye utaratibu wake, halafu achague mwenyewe leo analala wapi.

Na mkawaangalie na hizi laptopu jamani. Programu ya kuandikia noti ukiifungua inakupa mapigo ya nne kwa nne na ile alama ya G mwanzo wa mstari, kijana anakubali anaendelea, muheme wa watu unageuka gwaride. Halafu anabonyeza asikilize, mashine inampigia ta ya kinanda, anaizoea, baada ya miezi sita sikio limeshahama. Mwambie aandike kwanza kwa mkono, mashine iwe ya kunakili tu.

Watu wananiambia mzee mambo haya ya kienyeji yabaki kwenye ngoma, kwenye muziki wa kusomwa hayana nafasi. Uongo. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda alitunga oratorio, yaani hadithi ya dini inayoimbwa mwanzo mpaka mwisho, ya Mashahidi wa Uganda kwa muziki wa Kiganda na mwaka wake ni 1964, mwaka waliotangazwa watakatifu. Justinian Tamusuza, Mganda pia, kawaandikia Kronos Quartet wa Marekani, wale wa vayolini mbili, viola na chelo, na kazi yake imo kwenye albamu yao ya 1992, ukiisikiliza unaisikia Buganda kwenye nyuzi. Sisi wa kanisani ndo hatuna hata kisingizio, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, kwenye hati ya liturujia ya Desemba 1963, namba 119, umesema wazi watu wenye mapokeo yao ya muziki yaheshimiwe na yapewe nafasi. Mapadre wameshasoma. Wenye kalamu nyekundu ndo tumechelewa.

Kuna jambo la wenzetu wa mbali limenigusa sana. Marekani kule jangwani kwa Wanavajo, wenyewe wanajiita Diné, kuna mtunzi wao Raven Chacon, ndiye Mmarekani wa asili wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer ya muziki, tuzo kubwa ya kule kwao, 2022. Mimi tuzo siishangai sana. Kinachonishangaza ni kwamba miaka na miaka huyu mtu alikuwa anaenda kwenye shule za sekondari za Wanavajo na Wahopi, kwenye mradi wa tamasha la muziki la Grand Canyon, anakaa na mtoto mmoja mmoja, kila mtoto anaandika kipande kifupi cha vyombo vinne vya nyuzi, halafu wapigaji wa kweli, wa kulipwa, wanakuja wanakipiga mbele yake. Amewapitisha zaidi ya mia tatu. Fikiria mtoto wa miaka kumi na sita anamuona mtu wa chelo anakunja uso kutafuta noti aliyoiandika yeye jana yake! Huyo humwambii tena kwamba kwao hakuna muziki.

Najua mtasema wale wana hela. Sawa, quartet hatuna. Ila waimbaji wanne tunao? Wabakishe dakika ishirini baada ya mazoezi ya Alhamisi, waimbe cha kijana hata kama ni baa nane tu za noti, waimbe kama kilivyoandikwa, kwa makosa yake. Kijana akisikia alto wamekosa pa kuvutia pumzi atajirekebisha mwenyewe bila wewe kusema neno. Pale Kinshasa ile orkestra ya kanisa la Wakimbangu ilipoanza 1994 vayolini walikuwa wanapokezana, na uzi ukikatika wanachukua waya wa breki ya baiskeli. Leo wanapiga Beethoven. Sisi tunashindwa dakika ishirini.

Jingine ni la jina, na hapa nina donge langu. Nikiwa kijana nilimpelekea mwalimu wangu wimbo, akabadilisha mistari miwili, miezi michache baadaye nikaukuta umechapwa kwa jina lake, langu halipo hata kwa herufi ndogo. Mpaka leo ukiimbwa natoka nje nakohoa. Ukimsaidia mtoto, jina ni la mtoto. Ukitaka sana kuonekana andika "ameelekezwa na" kule chini mwisho, inatosha.

Na mtoto naye afundishwe kwamba wimbo wa bibi si mali ya kuokota. Aende aombe. Zipo nyimbo ambazo bibi atasema hizi chukua, zipo atakazosema hizi ni za wanaotoka jandoni hazipandi jukwaani, na hapo hakuna kubishana. Wimbo wa taifa wa Kenya wa 1963 umetokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, dunia nzima inasimama wima kwa kitu kilichotoka kwa mama mmoja pembeni ya Mto Tana, na ni wangapi wanaoimba wanajua hilo? Hata hapa kwetu sheria ya hakimiliki ya 1999 ina sehemu nzima ya kulinda sanaa za jadi. Basi kijana aandike juu ya ukurasa, wimbo huu nimeupata kwa fulani, wa kijiji fulani, kwa ruhusa yake.

Yule binti nilimfuata hiyohiyo siku ya harusi, nikamwomba msamaha mbele ya bibi yake, na kwa mtu wa umri wangu hilo si jambo dogo, bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Sasa hivi yuko chuo anasoma muziki. Mwezi uliopita kaniletea kazi mpya, sauti nne na zeze, kachapa vizuri, na juu ya kila ta kaweka kimshale kinachoangalia chini. Ukurasa wa pili pembeni kaandika kwa penseli: "Mwalimu, hapa usiguse."

Sijagusa. Jumamosi tunajaribu na mpiga zeze, nimeshamtumia nauli.